Kaniki, Kanga na Jina la Mtu

Mwaka 1974, nikiwa mwalimu kijana mwenye chaki mfukoni na jibu la kila swali kichwani, nilimkemea bibi yangu mzaa mama. Nilikuwa nimempa fedha za kununulia dawa ya kifua. Niliporudi baada ya siku tatu nikamkuta anakohoa vile vile, na juu ya kitanda chake pana doti mpya ya kanga, haijakatwa wala kupindwa.

Hizo zilikuwa siku za shida katika Unguja. Mchele, sukari na sabuni tulivipangia foleni. Mimi nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi wangu kwamba israfu ni adui wa maendeleo, na nilikuwa nikiyaamini niliyoyasema. Basi nikalifungua kasha la bibi na kuanza kuhesabu kwa sauti, kama mtu anayekagua ghala. Nilipofika doti ya 38 nikasimama, nikamwuliza, "Bibi, hizi zote za nini?"

Hakukasirika. Aliniita kama mabibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu zao wa kiume. "Mume wangu," alisema, "mama yangu alipokuwa mtoto alikuwa na kaniki moja. Nayo haikuwa yake. Hata yeye mwenyewe hakuwa wake. Sasa hesabu tena, halafu uniambie ipi iliyozidi."

Sikuhesabu tena. Lakini pia sikumwelewa. Imenichukua zaidi ya miaka 40 kumwelewa, na katika safari hiyo wanawake wawili wasanii wamenishika mkono: mmoja alifariki mwaka 1950, na mwingine anaishi Uingereza. Wote wawili asili yao ni hapa kisiwani.

Kwanza nieleze habari ya nguo, kwa sababu vijana wetu wa leo huiona kanga kama kitu kilichokuwapo tangu dunia kuumbwa. Katika karne ya 19, Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja na mikarafuu ikaenea, utajiri wa visiwa hivi ulisimama juu ya migongo ya watu walioletwa kutoka bara. Nguo ilikuwa lugha ambayo kila mtu aliisoma bila ya kwenda shule. Watumwa walivaa merikani, kitambaa kigumu kisichotiwa rangi kilicholetwa na majahazi ya Wamarekani na kupewa jina lao, au wakavaa kaniki, ambayo ni kitambaa hicho hicho kilichotiwa nili mpaka kikawa cheusi. Kujifunika kichwa na kuvaa viatu ilikuwa alama ya uungwana. Mtu ukimwona kwa mbali tu ulijua kama ni mwenye mali au ni mali.

Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, Seyyid Barghash alipotia saini mkataba kwa kushurutishwa na Waingereza. Miaka kumi baadaye, mwaka 1883, ikasimama Beit el-Ajaib pale Forodhani. Wageni waliishangaa, nasi tuliokulia chini ya kivuli chake tuliishangaa pia, hadi siku ile ya Desemba 2020 sehemu yake ilipoporomoka. Wazee wetu walisema, "Usione vyaelea, vimeundwa." Nyumba ile iliundwa kwa fedha za karafuu na za forodha, na karafuu zilichumwa na watu ambao majina yao hayakuandikwa kwenye ukuta wowote. Soko lilikuwa limefungwa, lakini utumwa wenyewe ulikuwa bado. Hadhi ya utumwa haikuondolewa katika sheria ya Unguja mpaka mwaka 1897, na masuria walingoja hadi mwaka 1909.

Sasa tazama jambo la ajabu lililotokea katika miaka hiyo hiyo. Wanawake waliotoka utumwani waliitupa kaniki. Walishika kanga, nguo mpya yenye rangi na maua, iliyotokana na leso zilizokuwa zikishonwa pamoja. Walijifunika vichwa. Baadaye wakavaa buibui, vazi lililokuwa la mabibi wa kiungwana. Hawakungoja amri ya serikali kuwaambia kwamba sasa wao ni watu, walikwenda dukani. Na wafanyabiashara waliliona hilo upesi. Mitindo ya kanga ilibadilika haraka, na mwanamke aliyevaa ya mwezi uliopita alijiona amepitwa.

Yule mfanyabiashara maarufu wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, alizitia kanga zake alama ya "Mali ya Abdulla". Nilipokuwa mtoto niliyasoma maneno hayo kwenye nguo za wanawake wa mtaani bila ya kufikiri lolote. Siku hizi nayafikiria. Mwanamke ambaye mama yake aliandikwa kuwa mali ya fulani anajifunga nguo iliyoandikwa mali ya fulani, lakini nguo hiyo kainunua kwa fedha zake mwenyewe, na akitaka kesho humpa mwingine. Zaidi ya hayo, kanga ilikuja kuandikwa jina, yaani ule usemi wake. Mwanamke aliyezibwa mdomo akapata nguo inayosema kwa niaba yake.

Israfu nayo ilikuwapo, sitaki kudanganya. Vyama vya lelemama, Unguja na Mombasa, vilishindana kwa mavazi ya sare na kwa karamu, na wapo waliokopa na wapo waliouza walichokuwa nacho ili chama chao kisishindwe. Wanaume walinung'unika, na maofisa wa Kiingereza walitikisa vichwa. Ukiwasikiliza wao, utadhani wazimu umewaingia wanawake. Lakini hakuna aliyewauliza walikuwa wakiota nini.

Aliyeijibu ndoto hiyo kwa sauti alikuwa mwanamke wa Fumba. Alizaliwa yapata mwaka 1880, katika nyumba ya mfinyanzi, na wazazi wake wakamwita Mtumwa. Jina hilo lilikuwa ndilo habari yake yote. Alipokuwa mkubwa alibeba vyungu kichwani kutoka shamba hadi mjini, akivinadi njiani, na waliomsikia walisema sauti yake ilitangulia kufika kuliko vyungu vyake. Mwaka 1911 alihamia mjini. Akafundishwa kuimba, akajiunga na wapigaji, na watu wakaanza kumwita Siti, yaani bibi mwenye heshima. Hivyo ndivyo Mtumwa alivyokuwa Siti binti Saad.

Kabla yake taarab ilikuwa kitu cha kasri. Seyyid Barghash aliichukua kutoka Misri kwa ajili ya starehe yake, na hata vijana walipounda Ikhwan Safaa mwaka 1905, nyimbo zilikuwa za Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili. Kile kilichokuwa pambo la wenye mali akakishusha Ng'ambo, wakakisikiliza wachukuzi, wapishi na wauza samaki, nao wakasikia habari zao wenyewe ndani yake. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay, wakarekodi sahani za santuri kwa kampuni ya HMV, na sahani hizo zilinunuliwa pwani yote ya Afrika Mashariki. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na vizazi vya wanafunzi wamemjua kupitia kitabu hicho.

Washindani wake hawakuwa na la kumkosoa katika sauti, kwa hiyo walimshambulia kwa nguo. Walimwimbia kwamba aliingia mjini na kaniki. Kila nilipolifundisha somo hilo nililipita haraka, kana kwamba ni ugomvi wa waimbaji tu. Sikuona kwamba ndani ya tusi hilo dogo mna historia nzima ya kisiwa. Walikuwa wakimwambia: hata ukivaa dhahabu, sisi tunakumbuka ulikuwa mali ya nani.

Desemba mwaka 2017 nilisoma gazetini kwamba mwanamke aliyezaliwa Zanzibar ameshinda Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza. Jina lake Lubaina Himid. Alizaliwa mwaka 1954, baba yake akiwa wa asili ya Ngazija na mama yake Mwingereza, mchoraji wa mitindo ya vitambaa. Baba alifariki kwa malaria, na mama akamchukua mtoto wake wa miezi minne akarudi naye kwao. Siku alipotunzwa alikuwa na umri wa miaka 63, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata tuzo hiyo. Mpaka mwaka uliotangulia, mtu aliyetimiza miaka 50 hakuruhusiwa hata kushindania.

Nilijisikia fahari, ile fahari ya bure ya mtu ambaye hakuchangia chochote. Kisha mwanafunzi wangu wa zamani, anayeishi huko, aliniletea kitabu chenye picha za kazi zake. Michoro yenyewe sijaiona kwa macho yangu. Nasema kwa picha na maelezo tu. Lakini picha hizo zilinikalisha kitini usiku mzima.

Ni lazima msomaji ajue kwamba mama huyu hakusimama peke yake. Katika miaka ya 1980, wanawake weusi wachoraji wa Uingereza waligongeana milango iliyofungwa. Mwaka 1985 Himid alikusanya kazi za wanawake 11, miongoni mwao Sonia Boyce, Claudette Johnson, Maud Sulter na Veronica Ryan, zikaonyeshwa katika jumba la sanaa la ICA mjini London. Hawakupewa ukumbi mkubwa. Walipewa ujia ambao watu hupita wakienda kwingine. Leo Boyce ana tuzo ya Simba wa Dhahabu aliyoipata Venice mwaka 2022, Ryan alipata Tuzo ya Turner mwaka huo huo, na Himid mwenyewe alichaguliwa kuiwakilisha Uingereza huko huko Venice mwaka 2026. Waliowekwa njiani wameingia chumbani.

Mwaka ule wa 1986, Himid aliichukua picha moja ya Mwingereza William Hogarth ya miaka ya 1740, inayowacheka matajiri wa London. Katika picha hiyo bibi mkubwa amekaa asubuhi akisukwa nywele, amezungukwa na wageni na vitu vya thamani, na mtumishi mweusi anagawa kinywaji. Himid aliitengeneza upya kwa watu wa mbao, wakubwa kama watu wa kweli. Mahali pa bibi mkubwa akamweka Margaret Thatcher, na mahali pa hawara wake akamweka Ronald Reagan. Na yule mtumishi je? Akamfanya msanii, mwanamke mweusi mwenye kazi yake. Katika sebule iliyojaa anasa, mtu wa kumtazama akawa ndiye aliyekuwa pambo.

Mwaka 2007 Uingereza iliadhimisha miaka 200 tangu kupigwa marufuku biashara ya watumwa. Himid akaenda Lancaster, mji uliokuwa bandari ya nne ya biashara hiyo nchini humo. Alinunua vyombo vya kale vya mezani katika maduka ya mitumba, sahani, bakuli na majagi, vipande 100 kwa jumla, akachora juu yake. Kwenye vyombo vingine zimo nyuso za watumishi weusi, wapole na wazuri. Kwenye vingine wamo mabwana na mabibi wakitapika. Nilipoiona picha hiyo nilicheka peke yangu, kisha nikaacha. Hiyo ndiyo israfu yenyewe, nilijiambia. Mimi nilikwenda kuitafuta katika kasha la mwanamke mzee wa Ng'ambo, kumbe ilikuwa mezani kwa waliokula mpaka wakashindwa kumeza.

Lakini kazi iliyonirudisha kwa bibi yangu ni ile ya mwaka 2004, ambayo kwa Kiswahili ningeiita Kuzipa Fedha Majina. Ni watu 100 waliokatwa kwa plaiwudi na kupakwa rangi za kumeremeta, wanaume kwa wanawake, wamesimama ukumbini ili mtazamaji apite katikati yao. Ni watumishi wa Kiafrika wa majumba ya kifalme ya Ulaya: wapiga ngoma, wacheza dansi, washona viatu, wachora ramani, wafinyanzi, wafunza mbwa na wengineo. Katika picha za kale watu hawa waliwekwa kando ya meza ili kuonyesha ukubwa wa mwenye nyumba, kama vile mtu anavyoegesha gari jipya mbele ya mlango. Himid aliwaondoa kando ya meza. Na mgongoni mwa kila mmoja aliweka karatasi ya hesabu, na juu ya karatasi hiyo, badala ya bei, maneno machache: jina lake la kuzaliwa, jina aliloitwa na bwana, kazi aliyoifanya kwao, kazi anayofanyishwa sasa, na kile alichobakiwa nacho moyoni.

Jina la kuzaliwa, na jina la kuitwa. Nilimkumbuka Mtumwa wa Fumba aliyekuwa Siti. Yeye jina la unyonge ndilo alilozaliwa nalo, na la heshima akalipata mjini. Wale wa Himid walikuja na majina ya heshima wakavikwa mengine. Njia zimepishana, lakini ni barabara moja.

Himid pia amechora katika umbo la kanga, na pindo lake na usemi wake. Watu wa Ulaya huziona kama michoro tu. Mwanamke yeyote wa Unguja angezisoma kwanza, ndipo atazame rangi.

Sitaki nieleweke kwamba kila manunuzi ni ukombozi. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, na taarab za rusha roho zilipotawala katika miaka ya 1990, niliona harusi ambazo noti zilitunzwa kwa waimbaji huku karo ya mtoto haijalipwa. Siku hizi kila shughuli ina sare yake, na wapo wanaocheza upatu mwaka mzima kwa ajili ya usiku mmoja. Mama zangu na dada zangu, deni halina heshima hata likivaa dhahabu. Lakini nimejifunza kuuliza kabla ya kukemea. Anayefuja alichowanyang'anya wengine, na anayejipamba kwa sababu mama yake alikatazwa kujipamba, hawawekwi katika mzani mmoja.

Bibi yangu alifariki mwaka 1987. Kasha lilipofunguliwa zilipatikana doti 41. Tukadhani ni urithi wa kugawana, kumbe zilikuwa zimekwisha gawanywa. Hakujua kuandika, lakini alimwagiza jirani yake, naye alikumbuka yote kwa kichwa: hii ni ya fulani binti fulani aliyenikanda mguu, hii ya fulani aliyeniletea maji, hizi za watakaoniosha. Alasiri nzima wanawake wa mtaa waliitwa mmoja mmoja, kwa jina na kwa jina la baba, wakapokea. Doti moja ilikuwa ya msichana wa kazi aliyekuwa nyumbani kwangu. Jirani aliliita jina lake kamili mbele ya watu, na msichana akatoka jikoni akilia.

Alinilelea wanangu kwa miaka mitano. Sisi tulimwita "wewe msichana", na tulipotaka kumfurahisha, "dada". Mwaka aliokuja ndio mwaka niliponunua televisheni ya rangi. Nakumbuka duka, nakumbuka ukubwa wa kioo, nakumbuka hata nani alinisaidia kuibeba. Usiku ule nilipofunga kitabu cha Himid nilijaribu kulikumbuka jina la msichana yule, lisije.

Nikaenda kutafuta katika makaratasi yangu, kwa sababu mimi ni mtu wa kuandika kila kitu. Siku ile ya kugawa, mimi mwalimu ndiye niliyeshika kalamu. Karatasi ninayo mpaka leo, mwandiko wangu mzuri, mstari umenyooka. Imeandikwa: "Kanga, doti 41." Basi. Majina yote 41 yalitamkwa mbele yangu, na mimi nikaandika hesabu.

Jirani yule amekwisha fariki. Mke wangu amelikumbuka jina la kwanza la msichana, nami nimeliandika. Jina la baba yake bado. Nimepeleka salamu kwa watu wa kijiji alikotoka, na wiki ijayo, Mungu akinijaalia, nitakwenda mwenyewe kuuliza.